Soli ya buti imefunguka mlimani: naweza kubandika nyingine mwenyewe?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi. Nilinunua buti za ngozi pale soko la Memorial, za mtumba lakini nzuri, kashata zake, yaani meno ya soli, hazijalika hata kidogo. Safari ya kwanza tu, tunashuka kwa njia ya Mweka, soli ya mguu wa kulia ikafunguka mdomo kuanzia kisiginoni, nikaifunga kamba hadi getini. Jirani akaipiga supaglu, haikumaliza wiki. Sasa nimenunua pea ya soli za mpira na nataka kubandika mwenyewe nyumbani. Nitumie gundi gani, na je, ni lazima nishone? Na buti la kushoto ambalo bado zima niliguse au niliache?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Gundi tutaifikia, ila kuna jambo linalotangulia. Shika hilo buti la kulia, tazama pale lilipofunguka, kisha bonyeza kwa ukucha lile tabaka laini lililo kati ya soli ya nje na ngozi. Likimeguka kama keki iliyokauka, au likikuachia unga vidoleni, basi supaglu ya jirani tusiilaumu sana. Ilishika, lakini ilishika kitu ambacho chenyewe kilishakufa.

Kwenye buti nyingi za mlimani tabaka hilo ni povu la poliurethani. Ni jepesi na linapokea vizuri kishindo cha mguu, ila haliwezani na unyevu. Mvuke ulioko hewani huingia taratibu ndani ya povu na kukata minyororo ya kemikali inayolishikilia, na hufanya hivyo hata kiatu kikiwa kabatini hakivaliwi. Mengi huanza kuchoka baada ya miaka mitano hadi kumi, na joto huharakisha. Kwa hiyo kwenye mtumba, kashata ambazo hazijalika zisikufurahishe haraka. Mara nyingi maana yake ni kwamba mwenyewe wa kwanza alilivaa mara chache akaliweka, na miaka ikalila kwa ndani. Muuzaji wa Memorial naye haoni huko ndani. Siku nyingine ukinunua, likunje buti kwa nguvu penye vidole, halafu utazame ubavuni: povu likionyesha nyufa nyembamba, rudisha mezani hata kama ngozi inang'aa.

Povu likiwa hai, yaani ukilibonyeza linarudi na halina nyufa, basi ni gundi ya kiwandani tu iliyoachia, na kazi hii unaiweza. Likiwa limekufa, lazima litoke lote. Usiache hata kipande kwa kuwa kinaonekana kigumu, kitakufuata baadaye. Likwangue kwa kisu hadi ufike kwenye soli ya ndani, kisha msasa. Hapo utakuta buti limepoteza kimo, na soli yako mpya kama ni bapa haitakirudisha. Itabidi ujaze kwa bamba la povu la EVA, nene kisiginoni na jembamba kuelekea vidoleni, na mteremko huo uwe sawasawa miguu yote miwili. Kazi hiyo mpelekee fundi mwenye mota ya msasa. Kwa mkono utaishia na buti moja refu kuliko jingine, na wewe una mzigo wa kilo 20 mgongoni, magoti yatakuuliza. Ila kama soli ulizonunua zimekuja na kisigino na tabaka lake la kati kwa pamoja, endelea tu nyumbani.

Sasa zichunguze hizo soli. Paka msasa kidogo kwenye kona isiyoonekana. Zikitoa unga mkavu wenye harufu ya tairi, huo ni mpira uliopikwa na salfa, ndio unaoutaka. Zikilainika na kutoa nyuzinyuzi zinazoshikana na msasa, hiyo ni plastiki, pengine PVC. PVC ina mafuta ya kuilainisha ambayo hutoka polepole na kuilegeza gundi ya kawaida ya viatu. Halafu ikikutana na baridi inakuwa ngumu na inateleza. Usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni, ambako joto hushuka chini ya sifuri, hutaki soli ya namna hiyo. Kama ndizo ulizouziwa, zirudishe. Wapo watakaokushauri ukate tairi kuukuu. Mpira wa tairi hauishi upesi, katambuga zinathibitisha, lakini ni mzito, una nyuzi ndani zinazosumbua kisu, na ukishakwisha kashata unateleza kwenye jiwe lenye maji.

Gundi ni ile ya njano ya kopo wanayotumia mafundi viatu, inayopakwa pande zote mbili. Supaglu iache kwa kazi nyingine. Inakauka ikawa ngumu isiyokunjika, na soli inakunjwa kila hatua.

Weka soli mahali pake, chora mstari kwa kalamu kuzunguka ngozi, kisha usivuke mstari huo. Chini yake kwaruza kwa msasa namba 60 au 80 mpaka mng'ao wa ngozi uishe, na uso wa soli mpya vivyo hivyo. Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Gundi ya zamani lazima itoke yote, na vumbi la msasa lifutwe kwa kitambaa kikavu. Ukikwaruza ukaacha vumbi, umebandika soli kwenye vumbi. Baada ya hapo usiguse kwa vidole, jasho la mkono lina mafuta.

Paka tabaka jembamba pande zote. Ngozi hunywa tabaka la kwanza, kwa hiyo liache likauke kama nusu saa, upake la pili upande wa ngozi. Subiri dakika 10 hadi 15, ugusie kwa mgongo wa kidole: ikiwa haikung'ang'anii na haitoi uzi, iko tayari. Mtu anayebandika ikiwa mbichi anafungia kemikali ndani, na hiyo soli itaachia. Miezi ya masika, au siku ya manyunyu, gundi inaweza kupata utando mweupe juu. Ni unyevu wa hewani ulioganda ilipopoa. Usibandike juu ya utando huo, ukaushe kwanza kwa draya ya nywele. Hata jua likiwa kali, draya inafaa kupasha pande zote mbili kabla ya kuunganisha, maana gundi ikipata joto inashikana vizuri zaidi. Haya yote yafanyie barazani, mbali na jiko la mkaa na mbali na watoto. Mvuke wa gundi hii unashika moto na unalevya.

Kuunganisha ni mara moja tu, ikigusana haisogei. Laza vipande vya karatasi kavu kati ya soli na buti, anza na ncha ya vidole, linganisha, kisha vuta karatasi kidogo kidogo ukielekea kisiginoni. Fundi ana chuma chake cha kuvalishia kiatu. Wewe simamisha mchi wa kinu, uuvalishe buti, ugonge kwa nyundo ukianzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, uache siku nzima. Kwa kiatu cha mlimani mimi ningeacha siku mbili kabla hakijagusa maji.

Kushona kunategemea umbo la soli. Ikiwa na ukuta unaopanda ubavuni, shona ukuta huo kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na usiruke ncha ya vidole na kisigino, maana mdomo hufungukia huko. Ikiwa bapa, ubavuni hakuna pa kushona, na kutoboa hadi ndani kunakaribisha tope la msituni. Hapo tegemea gundi. Povu lililokufa, kwa upande wake, halishonwi: uzi unalikata.

Buti la kushoto lifanye pamoja na la kulia. Yalitoka kiwandani siku moja, povu lake lina umri uleule, na ukibadilisha moja kimo hakitalingana. Ukimaliza, yavae mjini kwanza, panda nayo hadi Kibosho na kurudi ukiwa na mzigo kidogo, kisha jaribu kupenyeza ncha ya kisu pembeni ya soli. Ikipenya popote, usipande nayo. Fungua sehemu hiyo, kwaruza na upake upya.