Muulize Fundi: Nyekundu imegeuka waridi, buluu inabanduka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya wageni Pangani, hatua chache tu kutoka baharini. Mwaka jana niliagiza beji 12 za shaba ya njano: 11 za namba za vyumba na moja kubwa ya getini yenye picha ya jahazi. Zilichorwa kwa tindikali, kisha michoro ikajazwa rangi. Leo nyekundu imegeuka waridi, buluu inabanduka vipande na chini yake kuna unga wa kijani. Nyeusi tu ndiyo imebaki vilevile. Fundi wangu anasema safari hii atajaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili ikagandamana, eti haitoki maisha. Kaka yangu aliye Uingereza anasema nitafute enameli kama ya vibao vya treni za London. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako anasema kweli, ila atakuchosha bure. Fundi wako ana nusu ya kweli. Na hapo una maradhi mawili, usiyachanganye.

Nyekundu kuwa waridi ni kazi ya jua. Chembe za rangi zenyewe zimekufa, hata kama rangi bado imeshika vizuri. Nyekundu kali ya kupendeza, ile ya lipstiki, mara nyingi haistahimili jua la kwetu. Nyekundu ya oksidi ya chuma, inayofanana na tofali, haipauki. Ndiyo sababu nyeusi yako iko palepale: weusi wake ni masizi, na masizi jua limuunguze nini tena? Kama jahazi lako linaweza kuwa na tanga jeupe na ubavu wa rangi ya tofali, umeshamaliza nusu ya tatizo bila kulipa senti.

Buluu ni kesi nyingine. Ule unga wa kijani ndio shahidi. Dawa ya kuchoria shaba, feriki kloraidi, ilibaki kwenye kona za mchoro, ikapata unyevu wa chumvi, ikaanza kuila shaba chini ya rangi. Hapo hata rangi ya eropleni ingebanduka. Beji ikitoka kwenye dawa ioshwe kwa maji mengi, isuguliwe kwa mswaki na maji ya magadi soda, ioshwe tena, ikaushwe juani, kisha ifutwe kwa thina. Baada ya hapo isishikwe kwa vidole vitupu. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuharibu namba 7 nzima.

Sasa epoksi. Inashika chuma kuliko kitu chochote nilichowahi kutumia, lakini jua hailiwezi. Niliwahi kumjazia mtu beji za boti kwa epoksi safi, juu ya rangi nyeupe, nikajisifu sana. Msimu wa pili alinirudishia moja mkononi bila kusema neno. Nyeupe ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na uso umefanya vumbi kama chaki. Nilizirudia zote kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo epoksi kwangu inakaa chini, kama praima, yaani rangi ya msingi, tabaka jembamba. Kwa beji ya ndani ya nyumba, haina neno.

Juu ya praima weka rangi ya gari ya poliyurethani, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Hiyo imetengenezwa kwa magari yanayolala juani. Kipimo cha hadina kisome kwenye kopo na upime kweli, usikadirie kwa jicho. Jaza kwa bomba la sindano, tabaka mbili au tatu nyembamba. Ukimwaga mara moja, thina inakwama chini na kutoa mapovu. Rangi ikikauka hushuka, ndiyo maana unarudia. Mwambie fundi avae barakoa yenye chujio la kemikali, si kitambaa. Mvuke wa hadina unaharibu mapafu.

Kina cha mchoro nacho kitazame. Mimi nataka milimita 0.3, chini kidogo ya nusu ya unene wa kadi ya benki. Pungufu ya hapo, rangi inakosa kitanda, na msasa wa maji namba 800 wa kusawazishia unaiondoa yote.

Enameli ya kaka yako ni kioo kilichosagwa, kikayeyushwa juu ya chuma kwa joto la karibu nyuzi 800. Inakaa miongo. Lakini shaba ya njano ina zinki nyingi, kioo hakiipendi. Ungehitaji shaba nyekundu au chuma, pamoja na tanuri. Na ukienda duka la vifaa ukaliona kopo limeandikwa enameli, hiyo ni rangi ya mafuta tu, jina wameazima.

Kabla ya kumlipa fundi, chukua pamba yenye thina, ifute ile nyekundu kwa nusu dakika. Pamba ikitoka na rangi, ujue mara ya kwanza hakuweka hadina. Usigombane naye, muonyeshe pamba.

Hizo beji usizitupe, shaba ni nzima. Zitolewe rangi yote, zioshwe kwa magadi kama nilivyosema, zijazwe upya. Na anayekusaidia usafi aache kuzisugua kwa dawa ya kung'arishia. Inakula kingo za rangi. Maji baridi na kitambaa laini vinatosha kuondoa chumvi. Anza na beji moja ya chumba upande wa magharibi, funika nusu yake kwa karatasi ya alumini (foili), uiache hadi masika. Ukifunua nusu mbili zikalingana, ndipo umpe fundi ile ya geti.