Kama dogo anachanganya sehemu za seli, mfundishe kwa muhogo mchungu

Mkuu umeuliza mdogo wako wa form two afanyeje asisahau vitu vya ndani ya seli, na naona wengi wamekushauri akariri kwa kuimba. Mi nilijitolea kufundisha baiolojia miaka miwili sekondari moja ya kata huku Newala, hizo nyimbo zinaishia mlangoni kwa chumba cha mtihani. Wanafunzi wangu wote walijua "mitokondria ni pawahausi ya seli", ukimuuliza hiyo pawahausi ndo nini anakutolea macho tu.

Kilichoniokoa ni muhogo.

Nikiwa darasa la tano nilichimba muhogo shambani kwa bibi bila kuuliza, nikachoma, nikala peke yangu. Haukupita muda kichwa kinagonga, natapika, miguu imelegea, na bibi anagomba tu kwamba ule ni wa makopa (vipande vya kuanika) si wa kuchoma, nani kakutuma.

Sasa iko hivi, ndani ya seli ya muhogo kuna mfuko mkubwa unaitwa vakuoli, na humo ndo muhogo unaweka kitu kinaitwa linamarini. Kikitulia humo hakina neno. Kimeng'enya (enzyme, yaani protini inayoharakisha kazi) cha kukivunja kinakaa nje kabisa, kwenye ukuta wa seli, hawa wawili hawakutani mpaka panya atafune au mtu atwange. Seli zikipasuka wanakutana, linamarini inavunjika inatoka sianidi, ndo sumu yenyewe, ambayo inaruka hewani hata kwa joto la kawaida la huku kwetu. Ndo maana kisamvu kinatwangwa kwanza ndo kipikwe, darasa zima waliniambia eti ni ili kilainike! Na muhogo ukilowekwa siku tatu nne unabonyea kwa sababu seli zimeachia. Tatizo huku mlimani maji ya shida, watu wanamenya na kuanika vipande vikubwa vikubwa juani, seli zinakauka kabla hazijapasuka vizuri na sumu kiasi inabaki humohumo.

Sianidi ikiingia mwilini inaenda kukaba mitokondria. Chakula kipo, oksijeni damu imeshaileta, ila kimeng'enya cha mwisho kinachotumia ile oksijeni kimeshikwa, basi nguvu haitoki. Niliwaambia ni kama gesi ya Mnazi Bay inafika kwenye mitambo pale Mtwara halafu mashine haizunguki, nani atawasha taa? Hapo pawahausi ikaeleweka. Na si stori za darasani tu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huu wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, miguu inakakamaa ghafla na hairudi kama zamani, huwapata hasa wanaokula muhogo mchungu wiki kwa wiki bila samaki wala kunde, maana mwili unatumia salfa ya kwenye protini kuivunja makali hiyo sianidi.

Vingine vinajipanga hapohapo. Kile kimeng'enya cha muhogo cha kuvunja linamarini, maelekezo yake yako kwenye kiini, raibosomu ndo zinakishona, kinapita retikulamu (vijia vya ndani ya seli) kwenda Golgi (jina la Mtaliano Camillo Golgi, alikieleza mwaka 1898), kinafungashwa na kusafirishwa mpaka ukutani. Laisosomu (kifuko cha kumeng'enya uchafu wa seli) sikuwahi kuipatia mfano wa kueleweka, hiyo akariri tu.

Kuna binti mmoja wa viti vya nyuma, haongeagi, siku hiyo akanyoosha mkono, "Sir, sasa mbona muhogo wenyewe haufi?" Nikampa chaki. Akachora boksi, ndani yake duara, akaandika linamarini kwenye duara na kimeng'enya nje kwenye boksi, akasimama pale kaangalia weeee, halafu akarudi kuukoleza ule mstari wa duara mara tatu. Sikuongeza neno.

Kwa hiyo mwache dogo achore, asisome kimya kimya. Shuleni kama kuna hadubini aombe ngozi ya kitunguu na tone la iodini, ataona ukuta na kiini vizuri, ila mitokondria kwa zile hadubini zetu haionekani, asidanganywe. Na majina ya Kiingereza ayashike hayohayo, mtihani hautaki Kiswahili chetu.