Maua ya nyumbani yaliyorefuka yakabaki vijiti: kuyakata na kuotesha vipandikizi Mombasa

Mani planti iliyotambaa ukutani mita tatu, majani yote yamejikusanya nchani na nyuma kumebaki kamba tupu, haijazeeka. Inatafuta mwanga. Mmea ukikosa mwanga hurefusha pingili, ile nafasi kati ya jani na jani, ili kichwa kifike penye mwanga upesi. Majani mapya hutoka madogo, yenye mabaka ya njano au meupe hurudi kijani kitupu, na ya chini hudondoka kwa kuwa hayauletei mmea chochote. Mbolea hapo haisaidii. Nitrojeni ikizidi mahali penye giza, shina huzidi kurefuka na kulegea.

Ndiyo maana mkasi huja wa pili. Ukilikata ua ukalirudisha pale pale, baada ya miezi michache utakuwa na vijiti vingine, tena vingi kuliko vya kwanza.

Anza na dirisha. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na maelekezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao jua lao la mchana huwa upande mmoja mwaka mzima. Letu huhama. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi karibu tarehe 10 Machi, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Miezi iliyobaki huwa kaskazini. Ua lililonona mwezi wa Julai kwenye dirisha la kaskazini, kisha likaanza kujivuta mwezi wa Januari bila kuguswa, halijarogwa. Jua limehamia upande wa pili wa nyumba. Tena kwa kuwa jua letu la mchana hukaa juu sana, hata upande wake ukifika, ukingo wa paa au roshani ya ghorofa ya juu huweza kulizuia lisiingie ndani. Dirisha la mashariki ndilo la kutegemea: jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne linafaa karibu kila ua la ndani. La magharibi huchoma majani mchana, kwa hivyo weka pazia jepesi.

Namna rahisi ya kupima: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale ua linapokaa, kisha inua mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga unatosha hata kwa koliasi (ile ya majani ya rangirangi) na fikasi ya majani mapana. Kivuli kikiwa hafifu lakini vidole vinahesabika, mani planti na drasina zitaendelea, ila polepole. Kivuli kisipoonekana kabisa, weka sansivieria (snake plant) au zamiokulkasi (ZZ plant) na usitarajie zikue. Usiyaamini macho yako, kwani jicho huzoea giza. Hatua mbili kutoka dirishani mwanga huwa umeshapungua sana. Wavu wa mbu na kioo chenye vumbi la barabarani huupunguza zaidi. Kwenye nyumba za Mji wa Kale ambazo madirisha yake yanatazama kichochoro, ni afadhali kuwa na maua mawili na kuyapeleka kwa zamu roshanini au darini penye kivuli, kuliko kulazimisha sita ndani.

Ukilihamisha ua kutoka gizani, usilitoe juani mara moja. Majani yaliyotokea kivulini huungua kwa siku moja, na doa la kuungua haliponi. Lipe saa moja ya jua la asubuhi, uongeze kidogo kidogo kwa siku kumi hivi.

Wapi pa kukata

Tazama shina kwa karibu. Kila jani linapoota, au lilipoota likadondoka, pana kifundo: alama ya pete kuzunguka shina, na juu yake tu uvimbe mdogo. Uvimbe huo ni jicho, na humo ndimo tawi hutoka. Kwenye mani planti utaona pia, upande wa pili wa kifundo, kijipele cha kahawia. Huo ni mzizi wa hewani unaongoja unyevu. Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ukiikata ncha, kizuizi kinaondoka na macho mawili matatu yaliyo karibu na mkato huamka. Ndiyo sababu kupunguza majani ya pembeni hakulifanyi ua linenepe: lazima ncha iondoke.

Kata nusu sentimita juu ya kifundo. Ukiacha kisiki kirefu juu ya jicho, kitaoza na uozo hushuka. Ukipitisha mkasi kwenye jicho lenyewe, umeliua. Tumia mkasi mkali au wembe mpya, uliofutwa kwa spiriti kabla ya kuhamia ua jingine. Mkasi wa jikoni uliokufa makali huponda shina, na shina lililopondwa haliotei vizuri.

Kiasi cha kukata hutegemea ua. Mani planti na tradeskantia (ua laini linalotambaa) zinavumilia kukatwa hadi sentimita 10 au 15 kutoka kwenye udongo, bora kila shina libakiwe na jani moja au mawili. Koliasi ikate nusu. Drasina iliyokuwa mlingoti mtupu ikate urefu wowote unaoutaka, hata kama hapana jani, mradi shina ni gumu na mzizi ni mzima. Itachipua chini kidogo ya mkato baada ya wiki tatu hadi nane. Fikasi usiipunguze zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Kama shina ni la kahawia na linabonyea ukilibana, hapo hapana jicho la kuamka. Shuka mpaka ufikie sehemu ngumu.

Fikasi hutoa maziwa yanayonata na kuacha doa kwenye nguo na sakafu, basi tandika gazeti na uufute mkato kwa kitambaa chenye maji mpaka yakome. Difenbakia, ile ya majani mapana yenye mabaka meupe, ndiyo ya kuogopwa: utomvu wake una fuwele ndogo za oksaleti, na mtoto au paka akitafuna kipande, mdomo na ulimi huvimba. Vaa glavu, na usiache mabaki sakafuni. Mani planti nayo ina fuwele hizo hizo.

Baada ya kukata, kosa linaloua maua mengi ni maji. Ua lililopoteza nusu ya majani hunywa maji machache mno, lakini mtu huendelea kulimwagilia kama jana, tena kwa huruma huongeza. Mizizi huoza kabla macho hayajaamka. Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Ukihisi unyevu, acha. Mbolea isubiri mpaka machipukizi yawe na majani mawili yaliyofunguka.

Vipandikizi

Mani planti haina tabia ya kutoa matawi mengi hata ukiikata. Unene wake unatokana na idadi ya mashina yaliyomo chunguni. Kwa hiyo vipande ulivyokata si vya kutupwa wala si vya kugawia majirani vyote: ndivyo vitakavyorudi kujaza chungu kile kile.

Katakata kamba ndefu vipande vya kifundo kimoja au viwili vyenye jani, ukiacha sentimita 2 za shina chini ya kifundo. Jani lenye kikonyo pasipo kifundo litakaa majini hata miezi, litaweza hata kutoa mizizi, na halitatoa shina kamwe. Kwa koliasi na tradeskantia chukua ncha za sentimita 10 na uondoe majani ya chini. Drasina na difenbakia: vipande vya shina vya sentimita 10 vyenye vifundo viwili au vitatu. Vikishalala mezani huwezi tena kujua juu ni wapi na chini ni wapi, na kilichopandwa kichwa chini hakioti. Kwa hiyo kila unapokata, upande wa juu ukate sawasawa kwa upana na wa chini ukate mshazari. Shina la difenbakia liache kivulini siku nzima mkato ukauke kabla ya kulipanda.

Kuotesha ndani ya chupa ya maji kunafaa mani planti, tradeskantia, koliasi na singoniamu. Kifundo kizame, jani libaki nje. Badilisha maji kila siku ya tatu. Sababu ya kwanza ni hewa ndani ya maji. Ya pili ni mbu: yule wa Aedes anayeeneza dengi na chikungunya, ugonjwa uliotusumbua Mombasa mwaka 2018, hutaga kwenye vyombo vidogo vya nyumbani kama hivi, na yai lake huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Unapomwaga, sugua pia kuta za chupa kwa ndani, kwa kuwa mayai hunata hapo.

Maji gani? Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na kipandikizi kisicho na mizizi hakiivumilii. Kama maji hayatoi povu la sabuni vizuri au midomo ya vyungu vyako imefanya ukoko mweupe, hayo usiyatumie. Kinga maji ya mvua, ukiacha ya dakika chache za kwanza yaoshe vumbi na chumvi ya bahari kwenye mabati, au weka ndoo chini ya bomba la kiyoyozi. Maji ya kiyoyozi hayana chumvi na hupatikana bure hata kipindi cha kaskazi ambapo mvua ni chache.

Kwa hali ya hewa yetu mani planti hutoa mizizi kati ya wiki mbili na tatu, tradeskantia ndani ya wiki moja. Ihamishe mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5. Kuiacha mpaka ijae chupa hupendeza macho tu. Mizizi ya majini ni dhaifu, na kadiri inavyokuwa mirefu ndivyo inavyosumbuka udongoni. Maji yakiwa na ukungu na shina linateleza, limeoza: kata juu ya sehemu iliyooza na uanze upya kwa chupa safi.

Fikasi, drasina na difenbakia zioteshee kwenye makumbi ya nazi. Hapa Pwani hiki ni kitu cha kuokota, wala huna haja ya kununua tofali lililoletwa kutoka nje. Chambua na katakata nyuzi za kumbi kavu, loweka siku nzima, mwaga maji ya kahawia, rudia mpaka maji yatoke karibu meupe. Rangi ile ni tanini, na pamoja nayo hutoka chumvi. Changanya sehemu mbili za makumbi na moja ya mchanga mnene wa mto. Mchanga wa ufuoni hapana, hata ukiuosha: una chumvi na vipande vya matumbawe ambavyo huongeza chokaa. Samadi usitie kabisa hatua hii, kwani kipandikizi hakina mdomo wa kuilia, kitaoza tu. Jani kubwa la fikasi likate nusu kwa upana ili lisipoteze maji upesi.

Kile kifuko cha plastiki cha kufunikia ambacho kila maelekezo hukitaja, hapa kwetu mara nyingi ni jeneza. Hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha. Ukiongeza joto la ndani ya plastiki unafuga ukungu. Kifuniko kina kazi kwenye chumba cha kiyoyozi au roshani yenye upepo wa kusi, na hata hapo tumia chupa ya lita 5 iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa kimetolewa.

Rehani nayo huingia humu humu. Ikishatoa maua inakuwa miti mikavu yenye vijani vitano. Kata ncha za sentimita 10 zisizo na ua, ziweke majini, siku kumi mizizi imetoka. Ila sansivieria yenye kingo za njano usiioteshe kwa vipande vya jani: mtoto hutoka kijani tupu. Hiyo igawe kwa mizizi.

Kurudisha chunguni, weka vipandikizi vitano au sita vya mani planti kwenye chungu cha sentimita 15, vikizunguka shina mama. Wiki ya kwanza udongo usikauke, kisha punguza. Wiki ya sita hivi unaweza kuanza mbolea ya NPK (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu), kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi. Punje kavu za mbolea ya shambani usizinyunyize chunguni, zitaunguza mizizi michanga.

Fikasi iliyogusa dari ni afadhali isikatwe kwanza: ncha yake ioteshe mizizi ikiwa ingali kwenye shina. Chagua mahali sentimita 40 chini ya ncha, menya gamba kwa pete ya upana wa sentimita 2 au 3, ukwangue utelezi wote uliobaki juu ya mti, maana ukiubakiza gamba litajiunga tena na mizizi haitatoka. Zungushia konzi mbili za makumbi yaliyooshwa na kukamuliwa, funga kwa plastiki juu na chini kama pipi. Fungua upande wa juu kila wiki, ukikuta pakavu ongeza vijiko viwili vya maji. Kati ya wiki ya nne na ya nane utaona mizizi myeupe imegusa plastiki. Ngoja mpaka ijae pande zote, kata chini ya bonge, toa plastiki, panda na makumbi yake. Shina lililobaki litatoa matawi mawili au matatu. Kwa mwezi wa kwanza limwagilie nusu ya ulivyozoea.