Transista haikuzi sauti: jibu kwa kijana aliyeunguza mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ngamiani hapa Tanga, nasoma kidato cha nne na napenda sana mambo ya redio. Nimejaribu kutengeneza amplifaya ya transista moja, BC547 (miguu yake mitatu ni kolekta, beisi na emita), kwa betri ya volti 9. Chanya nimeipitisha kwenye spika ya omu 8 mpaka kolekta, emita nimeipeleka hasi, na beisi nimeiwekea rezista ya omu 1,000 kutoka kwenye chanya. Simu nimeiingiza kwenye beisi kupitia kapasita. Spika ilisema "tap" mara moja, kisha kimya, na transista ikawa ya moto haishikiki. Ya pili nayo ikaenda hivyohivyo. Nimekosea wapi? Na hasa nataka kujua, sauti inakuzwaje ndani ya kitu kidogo vile?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo, la kwanza utalijibu mwenyewe.

Transista haikuzi kitu. Sauti kubwa inayotoka si ile ndogo iliyonenepeshwa. Ni umeme wa betri uliokatwa kwa kufuata umbo la ile ndogo. Ukitoka Tanga kwenda Korogwe unapita Hale, penye mitambo ya umeme wa maji ya Mto Pangani. Anayesogeza lango la maji haongezi nguvu hata chembe, nguvu ni ya mto. Lakini lango likipanda kidogo tu, maji yanayopita ni mengi, na likishuka, yanapungua. Beisi ndiyo mkono kwenye lango, betri ndiyo mto, na maji yanapita kutoka kolekta kwenda emita. Hata jina lenyewe, lililotungwa Marekani baada ya kifaa hiki kuzaliwa katika maabara ya Bell Desemba 1947, limeunganishwa kutoka maneno yenye maana ya kuhamisha na ukinzani. Ifikirie hivyo: rezista, yaani kizuia mkondo, ambayo ukubwa wake unaugeuza kwa umeme mdogo wa pembeni.

Kwa BC547, mkondo unaopita kolekta ni mara 110 hadi 800 ya ule unaoingia beisi. Ona jinsi masafa hayo yalivyo mapana! Ndiyo maana herufi ya mwishoni mwa jina, kama BC547A au BC547C, ina maana: A ni ya chini, C ni ya juu. Tuchukue 200. Rezista yako ya omu 1,000 iliingiza beisi miliampea 8 na kitu. Zidisha kwa 200, unapata zaidi ya ampea moja na nusu, na spika ya omu 8 kwa volti 9 haizuii mpaka ipite ampea moja. Betri ile ndogo haiwezi kutoa zote hizo, lakini BC547 imetengenezwa kwa miliampea 100, basi. Ile "tap" ilikuwa spika ikivutwa mara moja na mkondo usiorudi nyuma. Lango ulilifungua mpaka mwisho, halafu ukamwambia mtu alitikise. Litapanda kwenda wapi?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ungeondoa ile rezista kabisa, usingepona vilevile. Beisi haianzi kupitisha mpaka iwe juu ya emita kwa volti 0.6 hadi 0.7. Mawimbi ya sauti yanapanda na kushuka, kwa hiyo ungepata vilele tu vya upande mmoja, sauti ya kukwaruza kama spika iliyotoboka. Lango linatakiwa liwe nusu wazi wakati hakuna sauti yoyote, ili wimbi lipate nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Kuliweka hapo katikati ndiko kazi yote ya rezista unazoziona kwenye michoro. Mimi nilipoanza niliziona kama mapambo, nikazipunguza kuokoa pesa. Usinifuate.

Fanya hivi. Kutoka chanya weka rezista ya omu 47,000 kwenda beisi, na kutoka beisi omu 10,000 kwenda hasi. Hizo mbili zinagawana volti 9, beisi inakaa kwenye 1.6 hivi. Emita iko chini yake kwa 0.65, yaani kama 0.9. Kati ya emita na hasi weka omu 1,000, na mkondo unakuwa miliampea 0.9. Kati ya chanya na kolekta, pale ulipoweka spika, weka omu 4,700. Juu ya rezista hiyo zinapotea volti 4.4, na kolekta inabaki na 4.6. Nusu ya betri, karibu kabisa. Angalia kwamba ile namba 200 sikuitumia popote. Ukibadilisha BC547A kwa BC547C, hesabu haihami kwa kiasi cha kukusumbua.

Anayeshikilia utulivu huo ni ile rezista ya emita. Transista ikipata joto, beisi inahitaji volti pungufu, kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na mkondo unataka kupanda. Kwa joto la Tanga la Februari hilo si jambo la kitabuni. Mkondo ukipanda, volti za emita nazo zinapanda, pengo kati yake na beisi linapungua, na transista inajibana yenyewe.

Sauti iingie beisi kupitia kapasita ya maikrofaradi 10 na itoke kwenye kolekta kupitia nyingine kama hiyo. Kazi yao ni kupitisha wimbi na kuzuia umeme tulivu wa betri, usiopanda na kushuka, usivuruge mpangilio. Upande wa chanya wa kila moja uelekee kwenye transista. Beisi ikipanda, mkondo unaongezeka, rezista ya kolekta inakula volti nyingi zaidi, kolekta inashuka. Kwa hiyo wimbi linatoka kichwa chini. Sikio halijui tofauti.

Linatoka likiwa mara ngapi? Gawanya 4,700 kwa 1,000: mara 5 kasoro. Vitabu vingi vitakuambia uweke kapasita sambamba na rezista ya emita, na kweli ukifanya hivyo unafika karibu mara 170. Kwa maikrofoni, iweke. Kwa simu, mimi siiweki. Simu tayari inatoa wimbi kubwa. Ukilizidisha mara 170 litagonga dari la volti 9 na sakafu kwa pamoja, na ule mkwaruzo utarudi.

Spika sasa. Usiiunge kwenye kolekta, hata kupitia kapasita. Ukiweka omu 8 pale penye 4,700, zile mara 5 zinaporomoka na kuwa chini ya moja kwa mbali sana. Saketi hii inakuza volti, haina misuli ya kusukuma spika. Toleo lake lipeleke kwenye tundu la AUX la sabufa ya nyumbani, sauti ikiwa chini kwanza, uisikilize huko. Ukitaka spika yako mwenyewe iimbe, tafuta LM386, chipu ndogo ya kukuza sauti, ni ya miguu minane na inakubali betri hiyohiyo.

Kabla hujachomea ya tatu, hakikisha miguu. BC547 ukiielekezea uso wake bapa kwako, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 ni kinyume: emita, beisi, kolekta. C945, hizi mnazozing'oa kwenye redio mbovu, nyingi ni emita, kolekta, beisi. Kwa umbo zote ni mapacha. Na hizo za kung'oa, upepo wa bahari umeshazifanya miguu myeusi. Ikwangue kwa wembe mpaka ing'ae, la sivyo risasi ya kuchomea itaikalia tu juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba.

Usiunge simu bado. Washa betri, weka mita kwenye volti, waya mweusi hasi, mwekundu kolekta. Ukipata kati ya 4 na 5, unga simu. Ukipata 9 kamili, lango limefungwa: miguu imebadilishana au omu 47,000 haijashika. Kolekta na emita zikisoma karibu sawa, limefunguka mpaka mwisho, na mara nyingi ni ile omu 10,000 imeachia. Ikikugomea, niandikie namba tatu: kolekta, beisi, emita.