Abobee, lakini aipite njia yote kwanza

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo anayeanza kutengeneza tovuti abobee upande mmoja au ajifunze pande zote, yaani ukurasa unaoonekana kwenye kivinjari pamoja na seva na hifadhidata zilizo nyuma yake. Kwa maoni yangu abobee, ila asichague upande kabla hajajenga kitu kimoja kidogo kwa mkono wake mwenyewe, kuanzia kitufe cha kwenye ukurasa hadi jedwali la hifadhidata.

Hilo nilifundishwa na ritifaa, ile alama ndogo (') inayokaa katika ng'. Nilikuwa nashughulikia kurasa tu, na fomu ya usajili niliyoitengeneza ilifanya kazi kwa miezi kadhaa, hadi watu wachache walipolalamika kwamba wakibonyeza kitufe cha kuhifadhi wanaletewa kosa namba 500. Nilikagua mstari kwa mstari msimbo wangu wa JavaScript, lugha inayoendesha kurasa kwenye kivinjari, sikuona kasoro, nikasema tatizo liko kwenye seva. Mwenzangu wa seva akajaribu kwa jina lake mwenyewe, likapita bila shida. Tulitupiana mpira siku mbili, mpaka tulipoyapanga pamoja majina yaliyokataliwa tukaona kwamba yote yana ng'. Ritifaa hiyo, ambayo sisi huiandika bila hata kuifikiria, katika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ndiyo inayofunga maandishi, na kwa kuwa programu ya seva ilikuwa ikilibandika jina moja kwa moja ndani ya amri, amri ilikatikia katikati ya jina la mtu.

Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kupendekeza fomu iikatae ritifaa. Tungekuwa tumewanyang'anya watu majina yao na bado tumeacha mlango wazi, kwani mwenye nia mbaya anaweza kutuma data kwa seva bila kupitia fomu yetu, na kasoro ileile ndiyo inayompa nafasi ya kupenyeza amri zake kwenye hifadhidata. Dawa ilikuwa kuitenga amri na data, jina lipelekwe kama kigezo, na marekebisho yenyewe hayakuzidi mistari mitatu.

Hata hivyo, siungi mkono dhana kwamba mtu mmoja anaweza kuwa fundi kamili wa pande zote mapema. Tangu Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ilipotoka mwaka 2009, JavaScript imeandikwa sana kwenye seva pia, na wanafunzi wengi huchukulia kwamba lugha ikiwa moja basi na kazi ni moja. Sivyo: huku unahangaika na skrini ndogo na mtumiaji asiyeona anayesomewa ukurasa na programu, kule unahangaika na faharasa, miamala na nakala rudufu za hifadhidata.

Mimi nilibaki kwenye kurasa. Fomu ikikwama siku hizi, nafungua kwanza zana za kivinjari nisome ombi lililotumwa na jibu la seva, ndipo nimwite mwenzangu.