Maswali ya Wasomaji: Kufuli Limepotea, Mistari Myekundu Imejaa

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina saiba yenye kompyuta sita. Moja kila asubuhi inaniambia tovuti zote si salama, na zilizo kando yake zinafungua vizuri. Chrome nimeiondoa na kuirudisha mara mbili, wapi! – Mwenye saiba, Githurai

JIBU: Chrome haina kosa, iache. Tazama saa iliyo chini kulia kwenye skrini, na usiishie kwenye dakika: tazama mwaka. Cheti cha tovuti, yaani hati ya kidijitali inayoithibitishia kompyuta tovuti ni ya nani, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vile vya bure vya shirika la Let's Encrypt kwa kawaida huishi siku 90. Kompyuta inayodhani tuko 2015 inaona cheti ambacho hakijazaliwa, nayo inakikataa. Kama ndivyo, chini ya onyo utakuta NET::ERR_CERT_DATE_INVALID.

Hiyo “kila asubuhi” yako ndiyo inayotuelekeza. Bila shaka usiku unazima swichi ya ukutani, na betri inayoiwekea kompyuta saa imekwisha. Ni CR2032, bapa kama sarafu, ya volti 3. Luthuli Avenue hutaikosa. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha sukuma kibanio cha betri kwa kucha. Mpya iingie upande wa alama ya + ukitazama juu. Ukiwasha, ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) uweke tarehe, na ukague mpangilio wa diski ya kuanzia, kwa sababu huenda nao umefutika.

Ndani ya Windows chagua saa za Nairobi, UTC+3. Tarehe iweke kwa mkono kwanza: tofauti ikizidi saa 15, kwa kawaida Windows hukataa kujirekebisha yenyewe kupitia intaneti.

Saa ikiwa sawa na tovuti moja tu ndiyo inayolalamika, cheti cha tovuti hiyo ndicho kilichokwisha. Mteja asiandike nywila yake hapo, hata akiwa na haraka.

SWALI: Kufuli la kwenye anwani limeenda wapi? Nimeingiliwa na virusi? – Msomaji, Kayole

JIBU: Hapana. Chrome ililiondoa katika toleo la 117, Septemba 2023, ikaweka alama ya vistari viwili vyenye viduara. Ibofye, utaona kama muunganisho ni salama. Nasi tunaona walifanya vyema, maana watu walilidhania kufuli ni hati ya uaminifu. Linasema tu kwamba mtu wa njiani hawezi kusoma unachotumiana na tovuti. Tapeli naye hupata cheti. Soma jina lililo kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, bila kuhesabu ile ya https://, ukianzia mwisho wake: huduma.go.ke.mfano.com ni ya mfano.com, si ya serikali.

SWALI: Nikiandika Kiswahili kwenye Firefox kila neno linapigiwa mstari mwekundu, lakini kwenye kisanduku cha kichwa cha habari hakuna mstari hata nikikosea. – Mwandishi, Buruburu

JIBU: Ni mambo mawili. Firefox inakagua kwa kamusi ya Kiingereza. Bofya kulia ndani ya kisanduku, ingia Languages, kisha Add Dictionaries, utafute ya Kiswahili. Tangu toleo la 100 unaweza kuwasha kamusi mbili pamoja. Usitarajie makubwa: “nitakapompelekea” ni neno moja lenye viambishi vingi, na kamusi inaweza kulipigia mstari ingawa ni sahihi.

Kisanduku cha mstari mmoja hakikaguliwi mpaka uamuru. Andika about:config kwenye anwani, tafuta layout.spellcheckDefault, badilisha 1 iwe 2.

Ukikubali neno bovu liingie kamusini kwa bahati mbaya, halitapigiwa mstari tena. Funga Firefox, fungua faili persdict.dat iliyo kwenye folda ya wasifu (profile) wako, ulifute neno hilo. Kwenye Chrome, orodha hiyo iko chrome://settings/editDictionary. Na ukitumia Chrome ya saiba, chagua ukaguzi wa kawaida, kwa sababu ule ulioboreshwa hutuma unachoandika kwa Google.