Wakia, aunsi au ungae?

SWALI: Natafsiri makala ya historia ya Ayalandi ya kale. Mwandishi anasema faini zililipwa kwa "ungae" za fedha. Niandike aunsi, wakia, au neno nilibakishe lilivyo?

JIBU: Andika wakia. Ungae ni neno la Kiayalandi cha kale lililotoka kwenye Kilatini uncia, yaani sehemu ya 12 ya ratili ya Kirumi. Uncia hiyohiyo ilipita kwa Wagiriki na Waarabu ikatufikia pwani, nasi tukaiita wakia. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja waliopoteana njiani. Baadaye Kiingereza kikatuletea uncia tena, mara mbili: aunsi, na inchi, ambayo nayo ni sehemu ya 12 ya futi. Neno moja tumelikopa mara tatu!

Aunsi si kosa, lakini wakia inabeba picha inayokufaa. Wazee wa pwani waliijua wakia kwa uzito wa reale ya fedha, sarafu ile yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, kama gramu 28: unaiweka reale upande mmoja wa mizani, bidhaa upande wa pili. Waayalandi nao walipima fedha kwa mizani karne nyingi kabla sarafu za kwanza hazijapigwa Dublin, mnamo mwaka 997. Katika sheria zao, mara nyingi ungae moja ilihesabiwa sawa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ungae iligawanywa katika screpul 24; hilo hatuna neno lake, liache na ulieleze linapotokea mara ya kwanza.

Jihadhari na wakia za dhahabu unazozisikia kwenye habari za migodi. Hizo ni gramu 31.1, usizitumie kukokotoa faini za Waayalandi.

Upatanisho sasa. Nimeshasahihisha "wakia watatu wa fedha" zaidi ya mara moja. Hiyo wa- si kiambishi cha watu. Wakia iko ngeli ya I-ZI: wakia hii, wakia hizi, wakia tatu za fedha.

Na "fedha" isikutie wasiwasi kwamba msomaji atadhani ni pesa. Airgead ya Kiayalandi cha leo nayo ni madini ya fedha na ni pesa pia. Mara ya kwanza andika "alitozwa wakia tatu za madini ya fedha", kisha endelea na fedha tupu.